Namna ya Kulifanya Tangi la Samaki Lijijazie Maji Lenyewe Bila Kufurika

Maji yanayopungua kwenye tangi la samaki kwa mvukizo huondoka peke yake na kuacha nyuma kila kilichoyeyuka ndani yake. Mvuke hauchukui chumvi, wala chokaa, wala mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Kwa sababu hiyo tangi la lita 200 lenye maji ya bahari ya gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji hufikia karibu gramu 37 likishapoteza lita 10, ingawa hakuna aliyeongeza hata punje moja ya chumvi. Samaki wengi huvumilia badiliko la namna hiyo likija polepole, lakini matumbawe, kamba na konokono huathirika mapema, hasa mwenye tangi anapogundua upungufu na kumimina ndoo nzima kwa mara moja. Wafugaji wa samaki wa maji baridi nao hawajasalimika, kwa kuwa maji magumu yakipungua huzidi kuwa magumu, na hita au kichujio cha kuning'inia kikibaki nje ya maji huharibika.

Dawa yake ni kurudisha maji matupu, kidogo kidogo, kwa kiasi kilekile kilichopotea. Kifaa cha kuyaingiza mtu yeyote anaweza kukiunda kwa jioni moja. Ugumu uko katika kuyafanya yaache kuingia, kila siku, hata boya likikwama, waya ukikatika, au umeme ukirudi saa nane za usiku wakati nyumba nzima imelala. Karibu yote yanayofuata yanahusu kuacha huko.

Pima kabla ya kununua chochote

Bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye kioo, weka alama ya kalamu pale maji yalipo, kisha subiri saa 24 bila kuongeza maji. Zidisha urefu wa tangi kwa upana wake kwa sentimita, halafu zidisha kwa sentimita zilizoshuka, na ugawanye kwa 1,000 ili upate lita. Tangi langu lililopo Dar es Salaam lina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 40, halina kifuniko, na feni ndogo huupuliza uso wa maji ili kuyapoza wakati wa joto. Katika mwezi wa Februari hupoteza lita 2.8 kwa siku, sawa na mshuko wa milimita 7 kwa uso wa ukubwa huo. Bila feni upungufu haufiki hata nusu ya hapo. Rudia kipimo kwa siku tatu au nne, kwa sababu siku ya mvua na siku ya upepo mkavu hazilingani, na uichukue siku iliyopungua zaidi kuwa kipimo chako.

Kama tangi lako lina sampu, yaani lile tangi la pili linalowekwa kabatini chini ya tangi kubwa, alama ya juu haitakuonyesha chochote. Maji ya juu hubaki pale yanapomwagikia kwenye bomba la kushukia, na upungufu wote hujitokeza katika chumba cha mwisho cha sampu, kile chenye pampu ya kupandisha maji. Chumba changu kina sentimita 20 kwa 30, kwa hiyo lita zilezile 2.8 huonekana hapo kama mshuko wa karibu sentimita 5 kwa siku moja. Hapo ndipo boya linapopaswa kukaa. Wapo wanaoliweka katika chumba cha kwanza kwa sababu kina nafasi, kisha wakashangaa pampu yao inavuta hewa na kukoroma ilhali boya linaonyesha kwamba maji yamejaa.

Udogo wa chumba hicho una faida nyingine. Boya la kawaida huhitaji kupanda au kushuka milimita chache kabla ya kubadili hali yake. Tuseme ni milimita 5: katika chumba changu huo ni mchezo wa mililita 300 tu, lakini katika tangi la juu lisilo na sampu ungekuwa mchezo wa lita 2 kila mara.

Njia mbili zisizohitaji umeme

Kwa tangi dogo lisilo na sampu, njia ya kwanza ni ile ya chombo cha kunyweshea vifaranga. Chukua chupa ngumu ya lita 3 au 5, ijaze maji, uigeuze kichwa chini na kuifunga imara ili mdomo wake uguse uso wa maji kwa milimita chache tu. Maji ya tangi yakishuka chini ya mdomo, hewa huingia chupani na maji hutoka. Yakipanda na kuuziba mdomo, hewa hukosa njia na maji husimama. Chupa laini ya maji ya dukani haifai, kwa sababu kuta zake hubonyea na kuyakamua maji nje. Hata chupa ngumu isipigwe na jua, kwani hewa iliyomo ikipata joto hutanuka na kusukuma maji ambayo tangi halikuyaomba.

Njia ya pili ni koki ya boya, ndugu mdogo wa ile inayofunga maji katika tangi la choo. Dumu la akiba huwekwa juu zaidi ya tangi, mpira mwembamba hushuka hadi kwenye koki, na uzito wa maji hufanya kazi yote. Ubora wake ni kwamba haijali kama umeme upo au haupo. Udhaifu wake huonekana zaidi katika maji ya bahari, ambako ukoko wa chumvi huota kwenye bawaba ya boya na kuifanya ifunge nusunusu, ikidondosha tone moja moja usiku kucha. Kamwe usiiunganishe koki hiyo moja kwa moja na bomba la nyumba au simtanki la juu ya paa. Dumu la lita 10 likimwagika lote unapata kazi ya kupiga deki. Simtanki la lita 1,000 likimwagika lote unakosa samaki, zulia, na pengine urafiki wa jirani wa ghorofa ya chini.

Swichi ya boya, rilei na pampu

Njia inayotumiwa zaidi ni ya umeme mdogo wa volti 12. Swichi ya boya ni kijiti chenye boya linalopanda na kushuka. Ndani ya boya kuna sumaku, na ndani ya kijiti kuna vipande viwili vyembamba vya chuma vinavyogusana sumaku inapovikaribia. Ukilichomoa boya na kulirudisha kichwa chini, kazi yake hugeuka: swichi iliyokuwa ikipitisha umeme maji yakiwa chini sasa hupitisha maji yakiwa juu. Kwa kazi yetu swichi kuu iwe ile inayopitisha umeme maji yanaposhuka. Mpangilio huo una usalama ndani yake, kwa sababu waya ukikatika au ukichomoka pampu husimama, na upungufu wa siku moja ni msiba mdogo kuliko mafuriko.

Vipande hivyo vya chuma ni vyembamba sana, na swichi nyingi za bei nafuu zimekadiriwa kubeba wati 10 tu. Mota ya pampu inapoanza kuzunguka hudai mkondo mkubwa kwa muda mfupi, na ukiipitisha moja kwa moja kwenye swichi, vipande vinaweza kuungua vikashikana moja kwa moja, na pampu isizime tena. Weka rilei ya volti 12, yaani swichi imara inayowashwa na umeme mdogo, katikati: swichi iwashe rilei, na rilei iwashe pampu. Kwenye koili ya rilei, ule waya uliozungushwa ndani yake, funga diodi ya 1N4007, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, upande wenye mstari ukielekea chanya, ili mruko wa umeme unaotokea koili inapozimwa usiirarue swichi. Pampu yenyewe nayo ifungwe diodi ya aina hiyo. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba muuzaji wa vipuri vya redio anaweza kukupa ya ziada bila kudai hela.

Kuhusu pampu, shauri langu ni kuchagua ya polepole kadiri unavyoweza kuipata. Pampu ndogo za kuzamisha zinazouzwa kwa wingi husukuma hadi lita 240 kwa saa, maana yake lita 4 kwa dakika, na tatizo lolote litakalotokea litatokea kwa kasi hiyohiyo. Pampu ya peristaltiki hubana mpira laini kwa magurudumu madogo yanayozunguka, kama vidole vya mkamuaji vinavyoshuka kwenye chuchu ya ng'ombe, na nyingi za volti 12 hutoa mililita 100 hivi kwa dakika au pungufu. Tena, kwa kuwa kila wakati kuna gurudumu lililoubana mpira, maji hayawezi kujivuta yenyewe kupitia ndani yake pampu ikiwa imezimwa. Mpira wake huchoka na kupasuka baada ya muda, kwa hiyo nunua wa akiba siku ileile.

Anayetumia pampu ya kuzamisha ajihadhari na maji kujivuta. Ikiwa maji ya dumu yako juu ya ncha ya mpira, pampu ikishaanzisha mkondo maji yataendelea kutiririka hata baada ya umeme kuzimwa. Ikiwa dumu liko chini na ncha ya mpira imezama kwenye sampu, maji ya chumvi yatarudi dumuni. Liweke dumu chini ya usawa wa sampu, funga ncha ya mpira juu ya maji isiyaguse hata yakijaa, na utoboe tundu dogo la sindano mahali mpira unapopita juu kabisa ndani ya sampu, ili hewa iingie na kuukata mkondo.

Boya lenyewe lilinde na mawimbi. Kipande cha bomba la PVC la inchi 2, kilichotobolewa matundu machache chini na kufungwa ukutani mwa sampu, hutuliza maji yaliyomo, na swichi ikikaa ndani yake haitacheza kila sekunde na kuifanya rilei ilie kama mjusi.

Boya likidanganya

Siku moja, saa kumi na moja alfajiri, nilishuka kitandani, nikaenda sebuleni na kukanyaga maji. Dumu la akiba lilikuwa tupu. Konokono mdogo, asiyezidi punje ya hindi, alikuwa amepanda kwenye kijiti cha swichi na kujibana kati ya boya na kizuizi cha juu, kwa hiyo boya halikuweza kupanda, na pampu ilitii kama ilivyoamriwa hadi tone la mwisho. Tangu hapo siamini boya lolote peke yake.

Ulinzi wa kwanza ni ukubwa wa dumu, na una hesabu mbili. Hesabu ya chumvi: lita 20 za maji matupu zikiingia zote katika tangi la lita 200 huzishusha gramu 35 hadi karibu 32, lita 10 huzishusha hadi kati ya 33 na 34. Hesabu ya sakafu: umeme ukizimwa, maji ya tangi la juu yaliyo juu ya ukingo wa bomba hushuka kwenye sampu. Kwangu ni sentimita 2, yaani lita 8. Kwa hiyo sampu lazima iwe na nafasi tupu ya lita 8 pamoja na ujazo wote wa dumu, ili mambo yote mawili yakitokea pamoja bado sakafu ibaki kavu. Kama nafasi haitoshi, punguza dumu, hata kama itakubidi kulijaza kila baada ya siku tatu.

Ulinzi wa pili ni swichi nyingine za boya zilizofungwa mfululizo na ile kuu, hivi kwamba yoyote ikikata, rilei hukosa umeme. Moja ikae sampuni, sentimita 3 juu ya ile kuu, ikiwa imegeuzwa ili ikate maji yanapoifikia. Nyingine, ambayo wengi huisahau, ikae katika tangi la juu karibu na ukingo wa kioo. Fikiria jani au konokono limeziba bomba la kushukia: pampu kubwa inaendelea kupandisha maji, tangi la juu linafurika, sampu inakauka, na boya la sampu, likiona maji yameshuka, linaendelea kuomba maji kutoka dumuni. Boya la sampu hapo halijakosea hata kidogo. Linaona upande mmoja tu wa mambo. Swichi ya juu ndiyo pekee inayoweza kuikata pampu ya kujaza, na ukiweza kuifanya iizime na pampu kubwa kupitia rilei yake yenyewe, utakuwa umeziba njia kuu ya mafuriko.

Ulinzi wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu hautegemei boya wala rilei. Ni saa ya kuwashia umeme inayochomekwa ukutani, ambayo huipa adapta umeme kwa muda maalumu tu. Kipimo cha mwanzo kilionyesha kwamba tangi langu hudai lita 2.8 kwa siku. Pampu ya mililita 100 kwa dakika, ikiruhusiwa dakika 20 asubuhi na 20 jioni, haiwezi kutoa zaidi ya lita 4 kwa siku hata kama maboya yote yamekwama na rilei imeungua ikiwa imewaka. Lita 4 katika lita 200 hushusha chumvi kutoka gramu 35 hadi 34.3, na mwenye tangi atapata siku nzima ya kugundua kasoro kabla ya madhara. Nunua saa ya kidijitali yenye betri ndani, maana ile ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika na kuchelewa kwa muda wote wa mgao.

Umeme ukirudi

Umeme unapokatika mfumo huu hunyamaza wenyewe, maana sampu hujaa na boya hupanda. Penye mashaka ni dakika za kwanza baada ya kurudi. Katika matangi mengi maji ya juu hupanda kidogo kupita usawa wake hadi bomba la kushukia litoe hewa na kushika mkondo wake, na kwa dakika hiyo moja au mbili chumba cha pampu hushuka chini ya usawa wa kawaida. Boya huona upungufu na kuita maji. Kwa pampu ya lita 4 kwa dakika hilo ni kosa la lita kadhaa. Kwa pampu ya mililita 100 ni glasi moja. Anayetumia pampu ya kasi aongeze rilei ya kuchelewesha, iliyowekwa dakika 10, ili pampu ya kujaza isubiri maji yatulie.

Kazi zote za umeme wa volti 230 afanye fundi, na soketi ya tangi iwe nyuma ya kikata umeme kinachoruka umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande tena kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke kwenye kitanzi badala ya kuingia kwenye plagi. Adapta na rilei vifungwe ukutani juu ya maji, wala visilazwe sakafuni mwa kabati, ambako maji yatafika kwanza.

Maji ya dumuni

Kinachovukizwa ni maji matupu, na kinachorudishwa kikaribie hivyo. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa, kwa hiyo kila lita unayoongeza hulimbikiza madini mapya juu ya yale yaliyobaki. Maji yaliyochujwa kwa osmosisi, yaani kwa kusukumwa kupitia utando unaozuia chumvi, ndiyo bora. Ya mvua yanafaa ikiwa yamekingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo na paa lenyewe halina rangi inayobanduka. Ya bomba yenye klorini yaachwe wazi yakipulizwa hewa kwa saa 24. Maji ya kiyoyozi yanavutia kwa kuwa hayana chumvi, lakini hupita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kwa kiasi kidogo tu huua kamba na konokono. Katika tangi la maji baridi, kujaza huku hakuchukui nafasi ya kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Dumu lifunikwe vizuri na tundu la mpira lizibwe. Maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba ni mazalio mazuri ya mbu aina ya Aedes, anayeambukiza homa ya dengue, ugonjwa ulioikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Jaribu kabla ya kuamini

Ukishafunga kila kitu, lijaribu jambo zima kwanza katika ndoo mbili zisizo na samaki. Likandamize boya kuu kwa kidole na uhakikishe kwamba swichi ya juu yake inakata. Chomoa waya mmoja wa swichi na uone pampu ikisimama. Kisha, mfumo ukiwa tangini, izime pampu kubwa, subiri maji yashuke, iwashe tena, na ukae hapohapo dakika tano ukitazama. Wiki ya kwanza pima chumvi kila asubuhi kwa rifraktomita saa ileile. Kipimo kikipanda polepole, muda wa saa ya ukutani ni mfupi mno. Kikishuka, tafuta maji ya chumvi yanakotoroka, kwani mfumo unaojaza wenyewe huficha uvujaji kwa ustadi mkubwa. Tangi linalovuja litaonekana limejaa kila siku, huku chumvi ikiondoka na maji matupu yakiingia mahali pake.

Ndiyo maana dumu langu lina mistari ya kalamu kila lita 2, na juu ya kifuniko kuna karatasi ninapoandika tarehe ya kulijaza. Dumu la siku saba likiisha kwa siku nne bila feni mpya wala joto jipya, nalala chini na tochi na kukagua kila kiungo. Mara moja kwa mwezi navichomoa vijiti vya swichi, navilowesha katika siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, nasugua kwa mswaki mzee hadi boya liteleze lenyewe, nasuuza, na kukagua kama kuna konokono.